Mapumziko ya watoto wadogo shuleni yasiwe adhabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie watoto wa elimu ya awali na wa darasa la kwanza na la pili, ambao katika baadhi ya shule za hapa Mwanza wanakaa kwenye madawati karibu asubuhi nzima, huku muda wao wa kucheza ukizidi kumegwa bila mtu yeyote kutamka waziwazi kwamba umegwe.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri mtoto wa miaka 3 au 4 aushughulishe mwili kwa dakika zisizopungua 180 kwa siku, na 60 kati ya hizo ziwe za nguvu ya wastani au zaidi. Kwa wenye miaka 5 hadi 17, mwongozo wa mwaka 2020 unataka wastani wa dakika 60 kila siku. Mtoto anayechukuliwa mlangoni na gari la shule alfajiri, akarudishwa jioni na mzigo wa kazi za nyumbani, atazipata wapi dakika hizo kama si shuleni?

Kipindi cha michezo kimo kwenye ratiba, lakini mtihani unapokaribia ndicho cha kwanza kugeuzwa cha hisabati. Hilo peke yake lingevumilika kama mapumziko yangeachwa salama. Mtoto ambaye hajamaliza kunakili ubaoni, au aliyepiga kelele, anabakizwa darasani wenzake wakitoka. Kipindi kinachofuata anasumbua zaidi, na kesho anabakizwa tena. Mara nyingi huyo asiyetulia ndiye anayehitaji kukimbia kuliko wote. Wakati huohuo, kuruka kichura na kuzunguka uwanja mbio vinatumika kama adhabu, hivyo mtoto wa miaka 6 anazoea kuona kwamba mazoezi ni malipo ya kosa. Sisi tuliosoma zamani tulianza siku kwa mchakamchaka, tukiimba, mwalimu wa zamu akikimbia pamoja nasi, na hakuna aliyedhani ameadhibiwa.

Walimu wakuu watasema hakuna nafasi, na kwa kiasi fulani wana haki. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa yamefurika, na katika mitaa ya milimani kama Igogo na Mabatini mawe na nyumba haviachi eneo kubwa la uwanja. Lakini watoto wa umri huu hawahitaji uwanja wa mpira. Rede, kuruka kamba na ukuti ukuti vinatosha kwenye kiwanja cha paredi, madarasa yakitoka kwa zamu badala ya shule nzima kumwagika kwa wakati mmoja. Hata ndani ya darasa, mwalimu anaweza kuwasimamisha kwa dakika 5 wakahesabu kwa kuruka, jambo ambalo ni somo na ni mazoezi pia. Kwa shule zilizo karibu na ziwa, michezo hiyo ibaki nchi kavu, kwa sababu kichocho bado kipo kwenye maji ya kandokando ya Ziwa Victoria.

UMITASHUMTA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi nchini, nayapenda na ninayaunga mkono, ila ni mashindano ya wachache waliochaguliwa kwa uwezo wao. Mtoto mzito, mwenye ulemavu au aliye mdogo mno hubaki kushangilia tu, naye pia ana mwili unaokua.

Ninaziomba Halmashauri ya Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zitoe maelekezo kwa shule zote, za serikali na za binafsi, kwamba mapumziko ya madarasa ya awali hadi la pili yasiondolewe kwa kosa lolote, na kwamba mazoezi ya mwili yasitolewe kama adhabu. Maofisa elimu kata wanapotembelea shule wakague jambo hilo kama wanavyokagua maandalio ya masomo, na kamati za shule zilipatie nafasi katika kikao cha kwanza cha kila muhula.

Mzazi,
Igoma, Mwanza