Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: mwenye kifafa ana mifupa pia

Mheshimiwa Waziri,

Kwa miaka 22 sasa mama yangu anameza fenobabitoni, dawa ya kifafa, kila usiku. Nilipokuwa mdogo nililala roho juu, nikisikiliza kama anashikwa. Siku hizi mwaka unapita bila kifafa kumwangusha. Kwa hiyo siandiki kuishtaki dawa.

Mwaka jana, asubuhi moja akiinuka kitandani, aliegemea kiganja cha kulia ajisukume, na kifundo cha mkono kikavunjika. Hakuanguka. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikauona mkono unavyokunjika. Hospitali tuliyokimbilia waliandika: "Ameanguka kifafa." Nikasema hakushikwa. Mhudumu aliniangalia kwa upole, akaendelea kuandika. Mama akafungwa plasta, tukarudi nyumbani.

Maneno yale mawili ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Mwenye kifafa akivunjika, sababu inakuwa imeshaandikwa kabla hajaulizwa. Ni kweli kifafa huvunja. Mtu huanguka, na hata asipoanguka, misuli ikikaza kwa nguvu yaweza kuponda pingili za mgongo au kutegua bega. Lakini mfupa imara na mfupa uliochakaa haupokei pigo kwa namna moja.

Na dawa zenyewe huchakaza. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini hulichochea ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa, na vimeng'enya hivyohivyo huivunja vitamini D. Vitamini hiyo ikipungua, utumbo haunyonyi kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula. Damu nayo haiwezi kukaa bila kalsiamu, basi mwili huenda kuichota mifupani, mwaka baada ya mwaka. Valproeti, dawa nyingine ya kifafa, haichochei ini hivyo, ila nayo imehusishwa na mifupa kudhoofika.

Walio hatarini zaidi ni watoto wanaokua, wanawake waliokoma hedhi, wazee, na yule ambaye hatoki nje kwa sababu familia inamficha au anaogopa kushikwa mbele za watu. Huyu wa mwisho ananiuma sana. Anakosa hata jua, ambalo ngozi yake ingelitumia kutengeneza vitamini D.

Si habari mpya hizi. Madaktari waliziandika tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri vitamini D ifikiriwe kwa walio hatarini wanaotumia dawa hizi muda mrefu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako dawa za zamani kama fenobabitoni bado ndizo tegemeo la wengi.

Kadi za kliniki za mama nimezishona pamoja kwa uzi. Zina tarehe, ameshikwa mara ngapi, kipimo cha dawa, siku ya kurudi. Nimezipekua zote. Neno "mfupa" halimo hata mara moja.

Ninachoomba, Mheshimiwa, ni mstari mmoja uongezwe kwenye kadi ile, na mwongozo wa kuujaza. Kila mwaka mgonjwa aulizwe: umevunjika popote? Mgongo unauma? Mapaja yanalegea ukiinuka? Unatoka juani? Vitamini D ipimwe panapopimika, na walio hatarini wapewe kwenye dirisha lilelile wanapochukulia dawa. Mashine ya kupima uimara wa mifupa haipo kila hospitali, lakini maswali haya hayangoji mashine.

Wahudumu wawaambie wagonjwa pia, bila kuwatisha, kwamba dawa haiachwi ghafla. Kuiacha ghafla kwaweza kuleta kifafa kisichokatika, na hicho huua. Nasema hivi kwa sababu mama, mkono ukiwa bado kwenye plasta, aliniuliza: "Sasa mwanangu, niache hizi dawa?" Nilimwambia asiache mpaka tumuulize daktari. Mwezi ujao anarudi kliniki, na nitaongozana naye nikaulize. Wengi huenda peke yao.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mgonjwa