Vyombo vya jioni visilale

Goma, Himbi

Mama Neema mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Neema na kwa watoto wote. Barua yako imefika. Unauliza kwa nini vyombo vinakushinda tangu mhamie mtaa wa Ndosho, wakati kufua na kupika havikushindi. Jibu langu ni fupi: unaviosha saa mbaya. Unangoja asubuhi, moto umezimika, bidoni (dumu la maji) iko tupu, mabaki yamekauka kwenye sahani, na watoto wanataka vikombe vya chai. Saa hiyo hata mwenye bidii anakata tamaa. Vioshe jioni, kwa moto uleule uliopikia.

Shika jambo moja tu kwa kuanzia. Chungu cha chakula kikiteremka kwenye mbabula (jiko la makaa), sufuria ya maji ya vyombo inapanda papo hapo. Si baada ya kula, wala baada ya kupumzika kidogo. Makala, yaani makaa, bado yanawaka, umeshayalipia, na ukiyaacha yanageuka majivu bure. Weka lita 3, funika, kaeni mle chakula. Mkimaliza, maji yapo tayari na hakuna aliyeyasubiri.

Usijipangie saa. Hapa Goma umeme unakatika, mgeni anaingia, mvua inachelewesha soko, na ile saa moja na nusu uliyojiwekea inapita bila wewe kujua. Lakini hakuna jioni ambayo chungu hakiteremki. Jambo jipya linashika upesi likifungwa kwenye lile ambalo mkono wako umekwisha kulizoea. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96, kila mmoja akijizoesha jambo dogo la kila siku, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Mtu wa katikati alihitaji siku 66 hadi jambo lijifanye bila kulifikiria. Aliye mwepesi siku 18, na kwa mzito kabisa hesabu ilifika 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Kwa hiyo wiki ya tatu ikikukuta bado unajilazimisha, ndivyo ilivyo kwa watu wengi.

Sasa maji, maana huko kwenu najua kila bidoni ina jasho lake. Kwa watu sita, lita 13 zinatosha vyombo vya jioni, na bidoni ya lita 20 inabakiza 7. Gawa hivi. Beseni la kwanza ni la sabuni: lita moja na nusu ya maji yanayochemka, na mara mbili yake ya baridi. Kwa urefu wetu huku juu, ambako uso wa Ziwa Kivu wenyewe uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ukichanganya kwa kipimo hicho unapata karibu nyuzi 45, joto ambalo mkono unalivumilia na mafuta hayalivumilii. Beseni la pili ni la kusuuza, lita 3 za baridi. La tatu ni la kusuuza mara ya mwisho, lita 4. Ile lita moja na nusu ya moto iliyobaki usiiguse. Ni ya sufuria, mwishoni.

Joto lenyewe si anasa. Mawese yanaganda kwenye baridi yetu ya jioni, unayaona yanavyofanya utando wa rangi ya chungwa pembeni mwa sahani ya sombe (majani ya muhogo) dakika chache tu baada ya kula. Ukisugua kwa maji baridi unayahamisha: kutoka sahani hadi eponji, kutoka eponji hadi vikombe, na mwisho kila kitu kinateleza na watu wanalaumu sabuni. Sahani za plastiki zikishika ile rangi nyekundu, paka mafuta kidogo ya kupikia yasiyo na rangi, futa kwa karatasi, ndipo uoshe kwa sabuni. Rangi ile inakubali mafuta, maji haiyajali. Inayobaki inapauka juani.

Bugali, ugali wetu wa muhogo, ni kinyume chake, na hapa ndipo wengi wanapotesa mikono yao. Unga wa muhogo ukikutana na maji ya moto unazidi kuwa gundi. Kwa hiyo chungu cha bugali hakipati maji ya moto hata kidogo. Ukishapakua, mimina maji baridi hapo hapo hadi yafunike ukoko, tia mwiko ndani, acha pembeni. Mkila nusu saa, ukirudi utaona pembe za ukoko zimeanza kunyanyuka zenyewe kutoka ukingoni. Ingiza mwiko chini yake, sukuma taratibu kuzunguka, na unatoka kipande kizima kama ngozi ya ndizi. Chungu hichohicho kikilala kikavu, asubuhi utakikwangua kwa kijiko, utakichubua, na kesho yake bugali utashika pale pale palipochubuka. Maziwa na mayai nayo yanataka baridi kwanza, kwa sababu moto unayagandisha kwenye chombo.

Na sambaza pia, wale samaki wadogo wa ziwani. Sahani yake suuza kwa baridi, pitisha nusu ya ndimu iliyokwisha kukamuliwa, ndipo uingize kwenye sabuni. Harufu ya samaki haipendi uchachu. Ukiitumbukiza moja kwa moja kwenye maji ya moto, beseni zima litanuka kama soko la samaki la Kituku.

Mpangilio wa kuosha: vikombe kwanza, vijiko, sahani, miiko, sufuria mwisho. Kisafi kitangulie, chenye mafuta kifuate, na maji yale yale yatakufikisha hadi mwisho bila kubadilishwa. Kabla ya yote kwangua mabaki kwa mkono au kipande cha karatasi, uyatie kwenye ndoo ya taka. Chembe za wali na mchicha zikiingia kwenye beseni zinamaliza povu. Visu viache nje, vioshe kimoja kimoja. Kisu kilichozama chini ya povu kinamngojea mtoto.

Kuhusu sabuni, una mkono mzito, nakujua. Ya maji inatosha kijiko kimoja cha chai kwa lita hizo nne na nusu. Ya kipande, sugua kwenye eponji na uirudishe kwenye kisahani chenye matundu, usiiache iogelee humo ndani ikayeyuka. Ya unga ni ya nguo. Inatoa povu jingi na manukato, na povu hilo litakudai beseni la nne la kusuuza, yaani umeokoa sabuni ukatupa maji. Majivu yaliyochekechwa ni mazuri kwa masizi ya nje na kwa vyombo vya udongo, lakini kwenye sufuria za alumini sugua na usuuze mara moja. Yakikaa usiku kucha yanaitia weusi.

Maji ya ziwa yanahitaji neno la pekee. Kipindupindu hakijawahi kuuaga mji huu kwa muda mrefu, na sahani iliyooshwa vizuri ikasuuzwa kwa maji machafu ni chafu. Ile klori inayotiwa kwa sindano kwenye bidoni kule ufukweni ni ya maji ya kunywa, kipimo chake ni kidogo, na mafuta ya vyombo yanaimaliza upesi. Kwa hiyo kwenye beseni la tatu tia javeli (maji ya klori ya kuulia vijidudu) yako mwenyewe: yenye nguvu ya nyuzi 12, kijiko kimoja cha supu kwa zile lita 4. Chombo kikishapita sabuni na suuzo la kwanza, kizamishe humo dakika mbili, kitoe, usikifute. Kitangulizie sabuni siku zote, maana javeli ikikuta uchafu inapigana na uchafu na vijidudu vinabaki salama. Sufuria za alumini zisiingie, inazitoboatoboa. Hizo zimwagie maji yanayochemka. Na ndimu isikutane na javeli katika beseni moja, inatoka hewa inayokaba koo. Chupa ikiwa imefunguliwa miezi mingi au imekaa juani, nguvu yake imepungua, nunua ndogo kuliko kubwa.

Ile lita moja na nusu ya moto iliyobaki mimina sasa kwenye sufuria ya mchuzi, zungusha, sugua, hamishia kwenye inayofuata. Iliyoungua maharage usipigane nayo usiku. Tia maji vidole viwili na sabuni kidogo, irudishe juu ya makala yanayokufa, ichemke kadiri inavyoweza, ulale. Hiyo peke yake naikubalia kulala.

Kukausha kunapuuzwa sana. Kitambaa kibichi cha jikoni, kinachofuta meza na mikono na pua ya mtoto, kinarudisha yote uliyoyaondoa. Mwambie fundi akupigie kichanja cha mbao chenye nafasi kati ya fito, kifike kiunoni ili kuku na mbwa wasifike. Vyombo vipinduliwe, visibebane. Msimu wa mvua na siku ambazo vumbi la volkano ya Nyiragongo linatanda, kichanja kiwe ndani au kifunikwe kwa chandarua. Eponji ikamulie ndani ya maji ya javeli ya beseni la tatu ukimaliza, ining'inizwe, isilale ndani ya maji. Ikianza kunuka, imekufa.

Maji yaliyotumika usiyamwage ovyo. Ya beseni la tatu yapige deki ya jikoni, ya pili yapelekwe chooni, ya sabuni yaende kwenye shimo mbali na sitena (tangi la maji). Mawe yetu ya volkano yanameza maji upesi na huoni yalikokwenda.

Jambo moja utanichukia kwalo. Vyombo ni vingi mno nyumbani kwako. Watu sita wanahitaji sahani sita, vikombe sita, vijiko sita na sufuria tatu. Vingine vyote vifunge kwenye kartoni, uweke juu ya kabati, vingoje wageni. Lundo haliletwi na uvivu peke yake. Linaletwa na sahani safi ya akiba, inayomruhusu kila mtu kuiacha ile chafu. Isipokuwepo, hakuna anayeweza kula kesho bila kuosha leo, na lundo haliwezi kupita beseni moja hata mkigoma wote. Weka alama ya rangi chini ya kila sahani ili mwenyewe ajulikane. Mvulana wako wa miaka kumi na mbili naye aoshe. Anayeweza kumaliza bugali anaweza kuloweka chungu chake, na habari ya kwamba ni kazi ya wasichana umwambie mama mkwe kwa upole kwamba imepitwa.

Siku utakazoshindwa zitakuja: homa, msiba, siku ya kurudi sokoni usiku. Kwa siku hizo jiwekee kipimo kidogo kisichopungua: kwangua mabaki, loweka chungu cha bugali, osha vikombe na vijiko tu. Dakika tano. Mende na panya wanafuata mabaki kuliko sahani yenyewe, kwa hiyo ndoo ya taka itoke nje au ifunikwe. Na kesho yake usianze na vya jana. Hapa wanakosea karibu wote: wanashambulia lundo la zamani, wanachoka, vya leo vinakuwa lundo jipya. Osha vya leo kwanza vyote, kisha kwa maji yanayobaki chukua vichache vya zamani, visivyozidi dakika kumi. Lundo la siku tatu litakwisha kwa siku nne au tano, na jioni yako haitakuwa imevunjika hata mara moja.

Kwa wiki hii ya kwanza usijishughulishe na javeli, wala kichanja, wala alama za rangi. Pandisha tu sufuria ya maji pale chungu kinapoteremka, hata kama siku nyingine hutaosha kitu kwa maji hayo. Mengine yaongeze moja moja.

Niandikie bidoni moja inakufikisha wapi; ikikupungukia, huenda ni beseni la pili unalijaza mno. Mama anayeuza mabeseni soko la Virunga ana yale mapana yasiyo na kina, ambamo hata lita tatu zinatosha bila kupoteza. Chukua mawili, la tatu unalo.

Wasalimie wote, na umbusu Neema.

Wako,
Mama Baraka