Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Njia ya Ziwani na Haki Yetu ya Maji

Ndugu wanachama,

Nianze na yaliyo mafupi. Hesabu zimekaguliwa na mweka hazina atazisoma mwenyewe. Ada bado zinasuasua, hasa kwenye mialo ya visiwani, yaani sehemu za kuegesha mitumbwi na kushusha samaki. Vikao vya kamati vilifanyika kama katiba yetu inavyotaka. Wenzetu waliotangulia mbele za haki tutawakumbuka kwa kusimama kimya kabla ya uchaguzi. Muda uliobaki naomba niutumie kwa jambo moja lililotukalia kooni mwaka mzima, nalo ni njia yetu sisi watu wa mwambao ya kwenda Ziwa Victoria.

Mnajua hali ilivyo. Mtu ananunua kiwanja, anapandisha ukuta hadi majini, na njia waliyopita bibi zetu inaishia getini. Kwenye mwalo mmoja upande wa Magu, kina mama walikuwa wakishuka moja kwa moja kwenye mawe, ndoo kichwani na beseni la dagaa mkononi. Sasa wanazunguka kupitia shamba la jirani, na masika yakianza wanazama kwenye tope. Wakifika wanakuta maji yaliyotuama chini ya magugumaji, na humo ndimo wanamooshea dagaa. Mlinzi anawaambia waende bombani. Bomba tunalishukuru, lakini mtumbwi hauegeshwi bombani wala nyavu hazioshwi kwa ndoo ya kununua.

Kamati ilikaa na sheria za nchi yetu kwanza. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 haidai kibali kwa maji ya matumizi ya nyumbani, mradi mtumiaji awe na njia halali ya kukifikia chanzo. Sharti hilo ndilo kiini cha mgogoro wetu: ukiniziba njia, maji umeninyima, hata kama ziwa lote liko mbele ya macho yangu. Sheria hiyo hiyo inatambua haki za kimila za jamii katika maji na kuzipa nguvu sawa na haki iliyotolewa kwa kibali. Nayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa.

Kila kanda niliyotembelea niliulizwa: je, sisi nasi si watu wa asili, wenye haki zinazosemwa Umoja wa Mataifa? Azimio la Haki za Watu wa Asili lilipitishwa Septemba 2007 na Tanzania ililiunga mkono. Ibara ya 25 inataja uhusiano wa jamii hizo na maji yao, na ya 32 inataka ridhaa yao, iliyo huru na ya mapema, kabla ya mradi wowote unaogusa rasilimali zao, maji yakiwemo. Ni azimio zuri. Hata hivyo, mwambao wetu una Wasukuma, Wakerewe, Wakara, Wajita na wavuvi waliotoka kila kona ya nchi. Tukidai kwa mlango huo tutaanza kubaguana wenyewe kwa wenyewe, nani mwenyeji na nani mgeni, na hilo siliungi mkono hata kidogo. Mlango huo wanauhitaji zaidi wenzetu kama Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, na Waendorois wa Kenya waliohamishwa kando ya Ziwa Bogoria, ambao Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu iliwapa ushindi mwaka 2010.

Sisi tunao mlango unaotufaa. Tarehe 17 Desemba 2018 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio la Haki za Wakulima na Watu Wengine Wanaofanya Kazi Vijijini. Wavuvi wadogo wamo. Ibara ya 21 inasema haki ya maji si ya kunywa tu. Inataja kilimo, uvuvi na mifugo. Haiulizi kabila la mtu.

Mwanachama mmoja alinibana, na alikuwa na haki: maazimio ya New York yatamfanya nini mwenye ukuta? Nilimjibu kwa kesi ya Botswana. Julai 2010 Baraza Kuu lilipotambua maji kuwa haki ya binadamu, nchi 122 ziliunga mkono, hakuna iliyopinga, na 41 hazikuegemea upande wowote. Tanzania ilikuwa kati ya hizo 41. Botswana nayo ilikuwemo. Lakini Januari 2011 Mahakama ya Rufani ya Botswana iliwapa Wabasarwa, watu wa asili wa Kalahari, haki ya kutumia tena kisima kirefu cha Mothomelo kilichokuwa kimefungwa, na katika hukumu yake ikalitaja azimio lile lile. Kura ya serikali haikuwazuia majaji.

Na msingi wa hoja yetu si mgeni nchini. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika ilikataa kufungwa na makubaliano ya Nile ya 1929, yaliyogusa na maji ya ziwa letu, yaliyofanywa na Uingereza na Misri bila sisi kuwepo mezani. Baadaye maji ya ziwa yakavutwa kutoka Ihelele, Misungwi, hadi Shinyanga na Kahama. Kama taifa lilisema hatupangiwi maji yetu na waliokaa bila sisi, kijiji nacho kinaweza kusema hivyo kwa heshima mbele ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, inayosimamia matumizi ya maji haya.

Kinachotukwamisha ni ushahidi. Mwaka huu tulikwenda ofisi moja tukiwa na malalamiko mengi na karatasi chache, tukarudishwa. Kwa hiyo kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo haya: kila mwalo, pamoja na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo) na serikali ya kijiji, uchore ramani ya njia zake za ziwani; wazee waandikiwe maelezo yao wangali hai, kina mama wakihojiwa peke yao kwa sababu wao ndio wanaozijua njia hizo; na mihtasari ipigwe muhuri wa kijiji. Baadaye tuombe bodi itambue haki hizo za kimila kwa maandishi. Nauli na gharama za uchapaji zimo kwenye bajeti atakayoisoma mweka hazina.

Fomu za ramani ziko kwa katibu. Kila mwakilishi wa mwalo achukue yake kabla hatujaingia kwenye kura.

Mwenyekiti,
Mwanza