Jina la mtoto na shamba la Warley

Halifax, Uingereza
9 Novemba

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti limepunguza makelele. Sisi huku tu wazima. Mkwe wako ameanza kushuka ngazi mwenyewe, na mjukuu wako analala mchana kutwa halafu usiku anafungua baraza. Leo ana siku kumi na moja.

Nimeandika kwa kalamu na kwa herufi kubwa makusudi. Ujumbe ukija kwenye simu ya Mwanahawa unasomewa nusu, nusu ya pili inageuka "na anasalimu sana". Hii isome mwenyewe, taratibu, maana ina swali ambalo bila wewe sina pa kulipeleka.

Jina la kwanza halina mjadala. Ni Mwanaidi, jina la marehemu mama, na mkwe wako ndiye aliyelitaja kabla yangu. Tatizo liko nyuma yake. Hapa sheria inatupa siku 42 kumwandikisha mtoto, na msajili anataka mambo mawili: jina la mtoto na jina la ukoo. Kwa desturi yetu angekuwa Mwanaidi Athumani Salehe, yeye, baba yake na babu yake, na Pangani nzima ingejua ni wa nani. Lakini pasi yangu inasema Athumani Salehe Mbwana, na kwa watu hawa jina la mwisho ndilo ukoo. Kwa hiyo tangu nimefika mimi ni Bwana Mbwana. Wakiniita kliniki najikuta nageuka kumtafuta babu, Mungu amrehemu, ambaye hata Mombasa hakuwahi kuiona. Nikimwandika mtoto kwa mtindo wetu, yeye atakuwa wa ukoo wa Salehe, mimi wa Mbwana, mama yake wa Shekue. Watu watatu nyumba moja, koo tatu. Jamaa mmoja wa Muheza aliwahi kuwekwa kando uwanja wa ndege na wanawe wawili, akiulizwa kama ni wake kweli, kwa sababu ya majina tu. Mtoto mdogo ndiye aliyemwokoa, alilia "baba" mpaka askari wakachoka.

Sasa ili uelewe kwa nini jambo hili limenikaa kichwani, lazima nikupeleke kazini kwangu.

Unajua nagawa barua. Kila alfajiri nasimama mbele ya rafu ya vijumba, kila nyumba ya njia yangu na kijumba chake, napanga barua kabla ya kutoka. Mwezi wa kwanza niliona namba za nyumba tu. Kufika mwezi wa tatu nikaanza kuona majina. Smith na Jones wapo, kama kwetu akina Juma na Ali. Hussain na Khan wapo wengi pia, maana wazee wao walitoka Mirpur, huko upande wa Pakistan, kuja kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo. Ila kuna majina mengine ambayo sikuwahi kuyasikia kwenye redio wala kwenye mpira: Greenwood, Sutcliffe, Barraclough, Ackroyd. Na moja ambalo mara ya kwanza nilidhani mashine ya kuchapa imekosea: Murgatroyd.

Nyumba ya huyo Murgatroyd iko juu kabisa ya mtaa wenye mteremko kama wa kupandia mnazi. Tundu la barua liko chini ya mlango, sawa na kifundo cha mguu, na lina springi inayouma vidole. Asubuhi moja mzee alifungua mlango nikiwa nimeinama, nikaona nimepata nafasi, nikamwuliza jina lake lina maana gani. Hakunijibu. Alikwenda dirishani, kioo kilikuwa na ukungu, akaliandika jina kwa kidole, kisha akalikata vipande vitatu kama mtu anayekata mhogo. Mur ni nyika ya juu mlimani. Gat ni njia, wala si geti unalolijua wewe, ni neno lililoachwa na Waviking, mabaharia wa kale kutoka kaskazini. Royd ni mahali palipofyekwa msitu pakalimwa. Akasema wako wanaobisha, wanadai kipande cha mwanzo ni jina la mwanamke, Margaret, kwamba shamba lilikuwa lake. Yeye anashikilia nyika. Kwa vyovyote vile, Baba, mzee yule anatembea na shamba kwenye jina lake. Kwa Kiswahili tungemwita Bwana Mfyeko.

Hiyo royd ukiisikia popote duniani, jua mtu ana asili ya huku magharibi ya Yorkshire, jimbo ulipo mji wetu huu wa Halifax. Ackroyd ni hiyo hiyo, mfyeko wenye mialoni. Ni matamshi ya mabonde haya.

Shamba lenyewe lilikuwa Warley, kilima kilicho magharibi ya mji, naweza kwenda kwa miguu. Mwaka 1371 mtu wa shamba hilo aliteuliwa konstebo wa Warley, kazi iliyofanana na mgambo na jumbe kwa pamoja, naye akaandikwa John wa Morgateroyde. Zamani zaidi mtu wa kawaida alikuwa na jina moja. Wanormani, watu kutoka Ufaransa, walipoiteka nchi mwaka 1066 ndipo mtindo wa majina mawili ulipoanza, kwanza kwa wakubwa wenye ardhi, halafu taratibu ukashuka kwa wadogo. Akina John walikuwa wengi mno, kwa hiyo huyu akawa wa mfyeko, yule wa mtaroni, mwingine mhunzi, mwingine mwana wa Wili, kama sisi tunavyosema Juma Fundi na Juma wa Mnazini. Tofauti ni kwamba Juma Fundi akifa, ufundi unazikwa naye. Kwao jina lilikataa kuzikwa. Kufikia mwaka 1400 hivi familia nyingi za Uingereza zilikuwa zimeganda na jina moja.

Na nini kililigandisha? Hapa utacheka: kodi ya kichwa. Ndiyo, ile ile uliyotusimulia, ya kumkimbiza babu kichakani. Wafalme wao waliitoza mwaka 1377, wakarudia 1379, wakarudia tena 1381 mpaka wananchi wakaasi. Orodha ya 1379 ya upande huu wa Yorkshire imebaki mpaka leo, kijiji kwa kijiji, na wanaofuatilia koo zao huanzia hapo. Karani akishakuandika hivyo kitabuni, mwakani atakutafuta hivyo hivyo. Mwaka 1538 makanisa nayo yakaamriwa kuandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Baada ya hapo hakuna aliyetoka tena kwenye jina lake kirahisi.

Kinachonishangaza zaidi ni jinsi jina linavyokaa mahali. Watafiti huchukua sensa ya mwaka 1881 na kuchora ramani, kila jina na ramani yake. Ya Smith imechafuka nchi nzima. Ya Murgatroyd ni doa la wino: zito hapa Halifax na mabonde ya jirani, linafifia kuelekea Bradford na Leeds, linavuka mlima kidogo kuingia jimbo la jirani la Lancashire, na huko kusini karibu hakuna kitu. Miaka mia tano baada ya yule konstebo, bado wamekizunguka kilima chao. Watu wa London walilisikia jina hili wakaona ni kichekesho, mpaka mwaka 1887 likapewa ukoo wa mabwana waliolaaniwa kwenye mchezo wa kuimba jukwaani.

Sababu ya kutohama ni sufu. Huku juu ardhi ni mbaya, shayiri inajikokota tu, lakini kila nyumba ilikuwa na kitanda cha kufumia. Ng'ombe wawili nje, kitambaa ndani, siku ya soko mtu anabeba mzigo wake kuteremka Halifax. Soko lao la mawe la mwaka 1779 lenye vyumba zaidi ya mia tatu bado limesimama, siku hizi watu wananywea kahawa humo. Viwanda vilipokuja vilijengwa chini mtoni, mlangoni kwao. Aondoke aende wapi? Kuna James Murgatroyd, mfanyabiashara wa nguo wa karne ya 17, alitajirika akanunua jumba kubwa la East Riddlesden, ambalo leo watu hulipa kiingilio kuliona. Basi hata huyo tajiri na fedha zake zote alifika Keighley tu, mji wa jirani lilipo jumba hilo, kama mtu kutoka Pangani kuhamia Muheza.

Halafu kuna wataalamu wa vinasaba. Kwenye rafu yangu nina Sykes kibao, maana yake ni kijito au mtaro, na mitaro Yorkshire haihesabiki, kwa hiyo ungedhani kila mtaro ulizaa Sykes wake. Profesa mmoja wa Oxford, Bryan Sykes, naye wa jina hilo hilo, aliwaandikia wanaume wa jina lake asiowajua, akapata vipimo vya watu 48. Alitazama ile sehemu ya vinasaba ambayo baba humpa mwanawe wa kiume tu. Watu 21 kati yao walilingana. Akatangaza mwaka 2000 kwamba ukoo mzima ulianza na mwanaume mmoja. Na hao wengine? Kuna aliyelelewa na baba wa kambo, kuna aliyebeba jina la mama, na kuna mambo ya vizazi ishirini na kitu ambayo wakunga walikufa nayo. Mtu asitie neno hapo.

Lakini hili linalofuata ndilo nililolibeba hadi nyumbani, nikamwamsha mkwe wako kumweleza. Wataalamu wa chuo kikuu cha Leicester, Turi King na wenzake, walimpima Mwingereza mmoja, mzungu kwa kumtazama na kwa anavyojijua mwenyewe. Wakakuta ukoo wake wa kiumeni ni wa Afrika Magharibi, tawi la kale kabisa ambalo Ulaya Magharibi halikuwahi kuonekana. Jina lake ni adimu, la mashariki ya Yorkshire. Wakawatafuta wanaume wengine wa jina hilo, wakapata 18, na saba kati yao walikuwa na alama hiyo hiyo. Vitabu vya kanisa vikawapeleka kwenye wazee wawili walioishi Yorkshire mwishoni mwa karne ya 18, na vinasaba vikaonyesha wazee hao wawili nao walitoka kwa mmoja vizazi vichache nyuma yao. Habari ilichapishwa mwaka 2007. Huenda Mwafrika huyo aliletwa enzi za utumwa, huenda alikuja zamani zaidi, na Warumi. Usishangae hilo la Warumi. Ukuta wao wa kaskazini ulilindwa na kikosi cha Wamauri, watu wa Afrika Kaskazini, na mfalme wao Septimius Severus, aliyezaliwa Leptis Magna huko Libya, alifia York, mji wa humu humu Yorkshire, mwaka 211.

Nilimsimulia mzee Murgatroyd kisa hicho mlangoni kwake, mvua inanyesha. Akanitazama, akasema, "Basi hao ni ndugu zako kabla hawajawa wangu." Akachukua bili yake ya gesi, akafunga mlango. Ndivyo watu wa hapa walivyo, na nimeshawazoea.

Yeye ana mabinti wawili. Wote wameolewa na wamebadilisha jina kama desturi yao, mmoja ameolewa kwa akina Khan. Kwa hiyo akifumba macho, ile nyumba ya juu haitakuwa na Murgatroyd. Desturi hii, Baba, kusema kweli imenishinda kuipenda. Mama alikaa kwako miaka arobaini, akakuzalia watoto sita, na siku tunamzika bado alikuwa binti Kombo. Hakuna aliyemnyang'anya baba yake. Huku jina la adimu likiwa na watoto wa kike watupu, kwisha habari yake, hata kama damu imejaa mtaa mzima.

Na mimi nina mtoto wa kike.

Mkwe wako anasema tumwandike Mbwana, tuwe wawili nyumbani wenye jina moja, usumbufu wa uwanja wa ndege uishe. Mimi naelekea huko pia. Ila kuna kitu kinanizuia mkono. Mbwana tukilifunga hapo, wewe unatoka. Mwanaidi Mbwana, na Salehe hayumo, kana kwamba babu alinizaa mimi moja kwa moja. Nimewaza kukuweka katikati, Mwanaidi Salehe Mbwana, lakini mimi Athumani ndiye nitakayepotea, na hilo sijali sana. Wewe utasemaje?

Kuna na la tatu. Tangu siku ile ya kioo cha dirisha nalikumbuka lile shamba la babu la ng'ambo. Nakumbuka tukivuka na kivuko kwenda Bweni, wewe umenibeba begani, kisha tunatembea mpaka kwenye kisima chenye ukingo uliovunjika upande mmoja, na minazi mitatu iliyoinama kwa pamoja. Nakumbuka babu alikuwa na neno lake la kupaita pale, hakusema "shambani" tu kama sisi. Neno lenyewe limenitoka. Nimemwuliza Mwanahawa, anasema yeye alikuwa hajazaliwa. Nimemwuliza shangazi kwa simu, akanitajia shamba la watu wengine.

Basi naomba mambo mawili. Baba yake Mbwana alikuwa nani, na pale mahali paliitwaje. Nikiwa nayo yote mbele yangu ndipo nitakapokwenda kwa msajili. Zimebaki siku 31, na najua barua hii itakula kumi au zaidi njiani, kwa hiyo usijibu kwa karatasi. Mwambie Mwanahawa akurekodi sauti, useme polepole. Na hilo jina la shamba aliandike chini pia, herufi kwa herufi, hasa kama lina ng' ndani yake, maana huku hawaijui.

Nimemtumia Mwanahawa kidogo kwa ajili ya dawa ya goti. Usimpe mtu aazime.

Mwanao,
Athumani