Kwenu wajukuu mnaokwenda kambi ya uandishi wa michezo Arusha

Wajukuu zangu wapendwa,

Nimepata habari kwamba likizo hii ya Juni mnakwenda Arusha, mkalale bweni moja na kufundishwa uandishi wa habari za michezo. Nimefurahi mno. Kazi hii nimeifanya tangu enzi za kuripoti mechi za mikoani kwa simu ya mezani, unasoma habari neno kwa neno na mwenzako upande wa pili anaandika. Sasa nimestaafu. Kabla hamjafunga mabegi, nisikilizeni kidogo.

Mwandishi wa michezo ni shahidi. Shabiki anaingia uwanjani ili timu yake ishinde. Ninyi mnaingia ili asiyekuwepo ajue kilichotokea, na aliyekuwepo aelewe alichokiona. Mengine yote mtakayofundishwa huko, kichwa cha habari, kamera, namna ya kushika maiki, yanakaa juu ya hilo.

Chukueni mbio za Tokyo za tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu alipotupatia dhahabu ya marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Karatasi ya matokeo inasema Simbu alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Mstari wa chini yake unasema Amanal Petros wa Ujerumani naye alitumia saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ukiwa na karatasi hiyo peke yake, habari yako imekwisha hapo. Shahidi ndiye anayeweza kusema kwamba Petros alikuwa mbele walipokuwa wakiukaribia utepe, kwamba Simbu alimfikia mstarini kabisa, kwamba tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03, na kwamba Simbu mwenyewe hakujua kama ameshinda mpaka alipoona jina lake juu kwenye skrini ya uwanja. Someni tena hilo la mwisho. Mtu amekimbia kilomita 42 na ushee, amekuwa bingwa wa dunia, na bado hajui! Mwandishi aliyekuwa anatazama simu yake dakika ile amelikosa.

Na mkimbiaji wetu Filbert Bayi vilevile. Vijana wengi mnajua kwamba aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wachache wanajua kwamba aliongoza tangu bunduki ilipolia hadi mwisho, wakati wakimbiaji wengi wa mbio hizo hujificha kundini na kusubiri mzunguko wa mwisho. John Walker wa New Zealand alikuja kwa kasi nyuma yake, naye akamaliza chini ya rekodi ya zamani, na bado akawa wa pili. Namba inakupa rekodi. Namna alivyokimbia ndiyo inayokupa Bayi.

Mko Arusha, basi itumieni Arusha. Waombeni walezi wenu wawapeleke siku moja alfajiri mkawatazame wakimbiaji wakifanya mazoezi. Msiwasimamishe wala msiombe picha. Tazameni nani anaongoza, nani anabaki nyuma, kocha anasema nini na anasema lini. Wakimaliza na kupumua, ndipo muulize, tena ulizeni maswali mafupi. Swali refu humpa mchezaji nafasi ya kujibu "ndiyo, ni kweli" na kuondoka.

Kwenye mpira, nunueni daftari dogo linaloingia mfukoni. Pigeni mstari katikati ya ukurasa, wenyeji kushoto, wageni kulia, na dakika pembeni. Kila shuti, kona, kadi na mabadiliko yaingie palepale. Mimi nilikuwa naweka herufi K kwa kona na duara dogo kwa shuti lililolenga goli. Chini ya ukurasa niliacha nafasi kwa ajili ya benchi: nani ameambiwa apashe misuli, nani ametolewa akapita bila kumpa kocha mkono. Marudio ya televisheni yatakuonyesha goli mara kumi. Mkono ule hayatakuonyesha.

Jifunzeni na sheria. Mwaka 2023 Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika na USM Alger, wakafungwa 2-1 Dar es Salaam, wakaenda Algiers wakashinda 1-0. Jumla 2-2, kombe likabaki Algeria kwa kanuni ya goli la ugenini: jumla zikilingana, anashinda aliyefunga magoli mengi zaidi kwenye uwanja wa mwenzake, na USM Alger walifunga 2 Dar es Salaam, Yanga 1 Algiers. Nilizunguka vijiwe vya kahawa siku zile na kukuta watu wazima wanaamini timu imeporwa. Hakuna aliyekaa chini akawaeleza kanuni kwa Kiswahili chepesi. Kazi hiyo ni yetu.

Najua bwenini mtakuwamo wa Simba na wa Yanga. Utani usikosekane, ndio chumvi ya mpira wetu. Ila zoezi moja nawaomba mlifanye: wa Yanga aandike habari ya ushindi wa Simba, wa Simba amsahihishie, kisha mbadilishane. Ukiweza kumsifu mtani kwa haki, kwa maandishi, na jina lako likiwa juu, umeanza kuiva.

Sasa yale machungu. Kuna bahasha. Mtaikuta baada ya mkutano na waandishi, itaitwa nauli, itaitwa chai. Anayekupa hela ya chai leo, kesho atakupigia ufute aya. Kuna mikeka pia. Aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti kwa sheria, lakini hata mkishakuwa wakubwa, msiweke hela kwenye mechi mnayoiandika. Jicho lenye hela uwanjani halioni sawasawa. Na tetesi za usajili: ukiona habari mtandaoni bila mtu aliyeisema, ipigie simu klabu, mpigie wakala, na usipopata jibu usiandike. Kukosa habari kwa saa 2 hakumuui mtu. Makanjanja ndio wanaokimbilia kuwa wa kwanza.

Wajukuu zangu wa kike, neno lenu la peke yenu. Nilipoanza, nilizuiwa mlangoni mwa jukwaa la waandishi nikaambiwa wake za wachezaji wanakaa upande ule. Nilionyesha kitambulisho, nikasimama palepale hadi nikaingia. Nanyi mtaingia. Lakini habari haisahihishwi chumbani kwa mwalimu usiku. Akikuita huko mkufunzi, kocha au mwandishi yeyote mwenye jina, usiende, na umwambie mlezi na mzazi siku hiyohiyo. Wavulana, hili linawahusu pia, kwa kuwa na ninyi mnaweza kuitwa, na kwa kuwa mkimwona mwenzenu anaitwa hamtakaa kimya.

Andikeni mpira wa wanawake. Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walicheza fainali za Afrika mwaka 2010, kisha wakarudi mwaka 2025 kule Morocco. Clara Luvanga anafunga magoli Al Nassr ya Saudi Arabia. Pamoja na hayo yote, nimehudhuria mechi za ligi ya wanawake ambazo jukwaani tulikuwa waandishi 2. Kijana anayetafuta habari ambayo haijaandikwa na kila mtu asihangaike mbali. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda tunapokea AFCON, fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na hapo Arusha unajengwa uwanja wa watu 30,000. Wageni watakuja na waandishi wao. Nataka wakitaka kujua mpira wetu wa pande zote, wawasome ninyi.

Mwisho, Arusha mwezi wa Juni ni baridi kali alfajiri. Bebeni sweta zito na soksi, na kalamu ya risasi pamoja na ya wino, maana wino hugoma karatasi ikishika umande. Simu muichaji usiku. Na nitumieni habari zenu za kwanza kupitia walezi wenu, nitazisoma zote na kuzirudisha na alama za kalamu nyekundu.

Ni mimi bibi yenu,
mwandishi wa michezo mstaafu