Mnachokiita kelele kina Kiswahili ndani yake

Mhariri,

Mwandishi wenu wa wiki iliyopita amehukumu kwamba muziki wa majaribio wa vikundi vidogo vya vyombo vya nyuzi ni kelele, tena kelele isiyotuhusu. Kwa hilo la kwanza simlaumu sana. La pili nalipinga.

Mimi si mwanamuziki. Kwa miaka nilikuwa mhudumu wa jukwaa, yule wa kubeba viti na kufagia. Siku moja nikakabidhiwa glasi za kristali na jagi la maji. Usiku ule kulikuwa na Black Angels, muziki wa mtunzi Mmarekani George Crumb. Wapigaji ni wanne tu, fidla mbili, viola na selo, vyombo vyote vimeunganishwa na vipaza sauti. Lakini hao hao wanapiga manyanga na upatu, wanavaa subana vidoleni, na wanapitisha upinde kwenye midomo ya glasi. Glasi ikizidi maji sauti inashuka, yakipungua inapanda. Nilitumia bomba la sindano, tone kwa tone, mpiga viola akiinamisha sikio na kusema bado. Glasi moja ilinimalizia nusu saa.

Onyesho lilipoanza nikasimama nyuma ya pazia na kuziba masikio. Sehemu ya kwanza inataja wadudu wa umeme katika jina lake, na kweli ni wadudu! Crumb aliikamilisha Black Angels Ijumaa, tarehe 13 Machi 1970, Vita vya Vietnam vikiendelea, na juu ya noti akaandika kwa Kilatini kwamba ni wakati wa vita. Sasa mtu aandike vita kwa sauti ya kubembeleza mtoto?

Baadaye selo ikaimba peke yake, wenzake watatu wakiifuata kwa glasi zangu. Hapo sikuziba kitu.

Kilichonishtua ni kuhesabu. Wapigaji wanahesabu kwa midomo yao, kwa Kijerumani, Kifaransa, Kirusi, Kihungaria, Kijapani na Kiswahili. Naam, Kiswahili, kimo kwenye noti tangu mwaka ule wa 1970. Ila usiku ule kilitamkwa vibaya mno, mkazo umetupwa silabi ya mwisho, hata mimi mwenye lugha nilichelewa kukitambua. Kijitabu cha onyesho nacho kilisema "lugha mbalimbali", basi. Mchana kutwa nilikuwa hatua tano kutoka kwao na hakuna aliyeniuliza.

Walipomaliza nilimfuata mpiga fidla wa pili nikamtamkia zile namba. Akacheka, akaomba nirudie polepole. Kisha akachukua penseli, akaweka alama ndogo juu ya kila silabi ya kukazia, akaniuliza kesho naingia zamu saa ngapi.

Mhudumu wa jukwaa, mstaafu