Barua ya malalamiko: mmeshuku kichwa cha kongosho ambacho hamkukiona

Kihonda,
MOROGORO
9 Juni 2025

Meneja,
Kituo cha Uchunguzi wa Picha,
MOROGORO

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI YA ALTRASAUNDI YA MAMA YANGU YA TAREHE 6 MEI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mama yangu ana miaka 67. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wa 11 anaishi na kisukari. Jumanne ya tarehe 6 Mei alikuja kituoni kwenu na karatasi ya daktari wa zahanati, apigwe altrasaundi ya tumbo kwa sababu ya maumivu ya chembe ya moyo yaliyokuwa yakimwamsha usiku, hasa akila vitu vya mafuta. Alilipa Sh 45,000. Saa kumi jioni ripoti ilikuwa imetoka. Usiku wa siku hiyohiyo alituita mimi na dada yangu chumbani, akafungua sanduku, akaanza kutugawia kanga zake.

Ripoti yenyewe ninayo hapa mezani. Ni ukurasa mmoja wa Kiingereza, na kwa Kiswahili inasema hivi: ini la kawaida, mfuko wa nyongo wa kawaida, figo za kawaida. Kongosho, yaani kile kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula, linang'aa kuliko kawaida. Kichwa na mkia wa kongosho havikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi. Halafu chini kabisa, kwenye sehemu ya hitimisho, kuna alama ya kuuliza, kisha herufi mbili ambazo hospitalini ni kifupi cha saratani, kisha maneno "kichwa cha kongosho". Basi. Hakuna maelezo zaidi, hakuna ushauri wa hatua inayofuata, hakuna hata jina la aliyeisoma picha. Kuna mchoro wa kalamu tu unaofanana na mwiba wa samaki.

Nawaomba msome sentensi hizo mbili kwa kufuatana, kama alivyozisoma mama. Kichwa cha kongosho hakikuonekana. Kichwa cha kongosho kinashukiwa saratani. Sasa kisichoonekana kimeshukiwa kwa lipi? Kama mtaalamu wenu aliona uvimbe, angeandika una ukubwa gani, uko upande gani, ni mweusi au mweupe kwenye picha, na kama umebana mirija. Kama hakuona, angeandika hakuona, na mgonjwa arudi akiwa amefunga. Mama alifundisha Kiswahili miaka 34, na neno lake la kwanza baada ya kulia lilikuwa kwamba hajawahi kuona alama ya kuuliza inayotangulia swali.

Kuhusu hiyo gesi nina la kusema pia, maana mwenzake aliyemsindikiza alikuwepo na ameniambia yote. Mama hakuambiwa afunge. Alipopiga simu asubuhi kuulizia bei, binti wa mapokezi alimwambia "njoo tu muda wowote". Akanywa chai na chapati mbili, akaja. Foleni ikawa ndefu, na kantini yenu iliyo pale pale mlangoni ikamuuzia soda. Alipanda kitandani saa nane na nusu mchana akiwa na chapati, chai ya maziwa na soda tumboni. Mtaalamu wenu alimpaka jeli, akapitisha kifaa huku simu ikiwa begani, na kwa hesabu ya mwenzake hazikupita dakika 7. Hakumgeuza ubavu, hakumkalisha, hakumwambia avute pumzi aishikilie.

Mimi si daktari. Lakini kwa siku 14 za hofu mliyotupa nimejifunza kuhusu kiungo hiki kuliko nilivyowahi kutaka, na nyinyi mnaotoza pesa kukipima mnapaswa kukijua zaidi yangu. Kongosho limejificha nyuma ya tumbo la chakula, limelala mbele ya uti wa mgongo. Mawimbi ya altrasaundi hayapiti kwenye hewa. Tumbo na utumbo vikijaa gesi, mtaalamu hodari kuliko wote ataona ukungu. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa asile saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo. Kumpokea mgonjwa wa altrasaundi ya tumbo ameshiba, kisha kumwandikia kwamba gesi imeziba, ni sawa na fundi anayekutoza hela ya kupaka rangi ukuta alioumwagia maji mwenyewe.

Nirudi kwenye siku yenyewe. Mama hana simu janja, na bili ililipwa kwa simu ya huyo mwenzake, ambaye wako naye kwenye kikoba kimoja. Ripoti mliituma kwenye namba iliyolipa, kwa WhatsApp, bila kumuuliza mwenye mwili. Huyu mama wa watu hana kosa. Alipokea picha asiyoielewa, akamtumia mwanawe anayesoma chuo amfafanulie, mwanawe akajibu neno moja: "Saratani." Kufika saa moja usiku wanakikoba 6 walikuwa sebuleni kwetu na bahasha. Mama akawauliza, "Mmeniletea rambirambi nikiwa hai?" Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Namba ya kulipia si namba ya mgonjwa, na hilo halihitaji sheria kulijua.

Kesho yake nilikuja mwenyewe kituoni. Nilitaka kuonana na aliyeandika ripoti, nikaambiwa yuko tawi lingine. Badala yake mapokezi walinishauri kipimo cha damu "cha saratani ya kongosho", Sh 90,000, majibu baada ya siku 2. Nikalipa, maana mtu mwenye hofu hulipa. Majibu yakaja 41, na karatasi inasema kikomo ni 37. Hapo na mimi nikaanza kulia. Hakuna aliyeniambia kwamba kipimo hicho, CA 19-9, si cha kumtafutia mtu saratani kutoka kwenye umati. Hupanda pia kwa kisukari, kwa uvimbe wa kongosho usio saratani na kwa matatizo ya mirija ya nyongo, na wako watu ambao miili yao haitengenezi kabisa kile kinachopimwa hata wakiwa na saratani. Hayo niliyasikia Dar es Salaam, kwa mtu ambaye hakuwa akiniuzia kitu.

Dar tulikwenda tarehe 15 Mei kwa treni ya umeme, mama akiwa hajala tangu jioni. Hospitali tuliyofikia sitaitaja, kama ambavyo sijaitaja yenu kwenye nakala ya barua hii nitakayoiweka hadharani. Daktari wa picha pale alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alimwuliza mama kwanza: umekonda bila sababu? Macho yamewahi kuwa ya njano? Mkojo umekuwa kama chai ya rangi, choo kimekuwa cheupe? Mwili unawasha? Kisukari kimeharibika ghafla miezi ya karibuni? Mama akajibu hapana kwa yote. Akampima hivyo hivyo na njaa yake, kisha akamnywesha bilauri 2 za maji ayafanye dirisha la kutazamia, akampima amelala, amelalia ubavu, amekaa. Kongosho likaonekana, kichwa kikiwemo.

Akageuza skrini. Haya aliyotuonyesha ndiyo mliyotunyima, na nayaandika kwa urefu ili mwone kwamba yanaweza kuelezwa kwa Kiswahili chepesi kwa muda usiozidi ule wa kunywa soda.

Kung'aa kwa kongosho, alisema, mara nyingi ni mafuta. Mafuta hujipenyeza humo kwa watu wenye uzito mkubwa, wenye kisukari, na kadiri umri unavyosogea. Pengine kung'aa ni makovu ya kongosho lililovimba mara kwa mara kwa miaka, na hapo huonekana pia vijiwe vyeupe ndani yake na mrija uliopanuka. Kongosho lililovimba ghafla huwa kinyume chake: linanenepa na kuwa jeusi zaidi kwenye picha, na mgonjwa mwenyewe huwa amejikunja kwa maumivu, hahitaji kuambiwa anaumwa. Mfuko wa maji kwenye kongosho unaweza kuwa mabaki ya uvimbe wa zamani, au kivimbe cha kufuatiliwa kwa vipimo mwaka hadi mwaka, na vichache ni vya kuondolewa mapema. Doa jeusi lililosimama peke yake ndilo linalomnyima daktari usingizi, kwa kuwa linaweza kuwa saratani, ingawa hata kifua kikuu kimewahi kujificha hapo. Mrija mkuu wa kongosho, pale kichwani, hautarajiwi kuzidi kama milimita 3. Ukipanuka, kuna kitu kinauziba na lazima kitafutwe. Ukipanuka pamoja na mrija wa nyongo, mgonjwa hasubiri wiki ijayo.

Mrija wa mama ulikuwa milimita 2. Doa hapakuwa. Kongosho linang'aa, naam, hapo mlipatia, na kwa mwanamke wa miaka 67 mwenye kisukari hilo halikumshtua daktari hata kidogo.

Kisha akasogeza kifaa upande wa kulia akanyamaza kidogo. "Hivi ripoti ya kwanza ilisema mfuko wa nyongo uko sawa?" Kulikuwa na mawe 3, kila moja likitupa kivuli chake cheusi nyuma, na mama alipogeuzwa yalibingirika. Hata mimi niliyaona. Mfuko wa nyongo hujikunyata mtu akila, akatueleza, kwa hiyo ukimpima mgonjwa ameshiba unaweza kuyapita mawe bila kujua. Maumivu ya chembe ya moyo, ya usiku, baada ya vyakula vya mafuta: mgonjwa aliyasema kwenye karatasi aliyowaletea. Na mawe hayo hayo yakiteleza hadi kwenye mrija ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kongosho kuvimba. Mliandika ugonjwa ambao haupo mahali ambapo hamkupaona, na mkauacha uliopo.

Kwa kuwa neno saratani lilishaandikwa, na kwa kuwa altrasaundi nzuri pia haiwezi kulifuta kwa asilimia 100, daktari alishauri kipimo cha CT, yaani picha za eksirei za mwili kipande kwa kipande, chenye dawa ya kuonyesha, baada ya kupima figo. Tukafanya tarehe 20 Mei, Sh 400,000, ambazo mama alizitoa kwenye hisa zake za kikoba. Majibu: mafuta kwenye kongosho, mawe kwenye mfuko wa nyongo, hakuna uvimbe. Sasa anasubiri tarehe ya upasuaji wa kuondoa mfuko huo.

Msinielewe vibaya. Silalamiki kwamba mlilitaja neno saratani. Saratani ya kongosho huja kimyakimya, na mtaalamu akiona dalili yake aiandike bila kumung'unya maneno. Afadhali tulie mapema kuliko kuchelewa. Ninacholalamikia ni kulitaja bila kuwa mmeona chochote, kulituma kwa mtu mwingine, na kumwachia mzee alale nalo bila hata mstari mmoja wa kumwambia aende wapi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Mtoe ripoti ya marekebisho, yenye jina na namba ya usajili ya mtaalamu, itakayosema wazi kwamba kipimo cha tarehe 6 Mei hakikukamilika kwa kuwa mgonjwa hakuandaliwa. Hii naihitaji zaidi ya pesa, kwa sababu ile ya kwanza ipo kwenye faili lake na kila daktari mpya atakayeifungua ataanza kutuuliza upya. Mrudishe Sh 135,000, yaani altrasaundi na kile kipimo cha damu. Gharama za Dar sizidai, ingawa mama anasema nizidai na nauli. Mtueleze kwa maandishi kwa nini ripoti ilitumwa kwa namba isiyo yake, na mthibitishe imefutwa kwenye simu ya kituo. Na pale mapokezi, wekeni tangazo la Kiswahili kwamba altrasaundi ya tumbo inahitaji kufunga, lisomeke kabla mtu hajafika kwenye friji la soda.

Nawapa siku 14 kuanzia mtakapopokea barua hii. Nikikosa jibu, nakala niliyowaandalia Mganga Mkuu wa Mkoa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itapelekwa siku ya 15. Nimeambatisha vivuli vya ripoti zote 3, majibu ya damu, risiti zenu 2 na picha ya ujumbe wa WhatsApp ukionyesha saa uliotumwa.

Mkitaka kumpigia mama mwenyewe, namba yake sahihi iko kwenye fomu aliyoijaza siku ile, mstari wa pili. Pigeni kabla ya saa tatu asubuhi. Baada ya hapo huwa yuko kwa dada yangu, anadai kanga zake, na dada anasema alichopewa kimepewa.

Wako,

(Sahihi)
Mtoto wa mgonjwa